Mwalimu Asiyehesabu Pumzi

Ukiambiwa Kitengela kuna mama anafundisha yoga, utafikiria mwanamke mwembamba, sauti laini, anayeishi kwa matunda. Mwalimu wetu alikuwa mnene, sauti yake ilisikika mpaka ploti ya tatu, na kikombe chake cha chai kiliingia vijiko vinne vya sukari. Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amesimama mbele ya lori la maji, mikono kiunoni, akimwambia dereva kwamba maji aliyoleta juzi yalikuwa ya chumvi na lori halitaondoka hapo mpaka ayaonje mwenyewe. Dereva aliyaonja. Ndipo yule mama akageuka, akaniona nimesimama na mfuko wangu wa sukuma wiki, akaniangalia juu mpaka chini.

"Na wewe unapumua kama mtu anafukuzwa," akasema. "Nani anakufukuza?"

Sikuwa namjua. Nilitaka kumwambia ashughulike na maji yake. Badala yake nikaanza kulia hapo hapo barabarani, mchana kweupe, watu wakipita na kugeuka kuniangalia. Nilikuwa nimepoteza mimba ya pili wiki sita kabla ya siku hiyo.

Wacha niseme mapema nilichokuwa nataka, maana watu wa nyumbani kwetu Bungoma mpaka leo wanadhani niliingia dini ya Wahindi. Nilitaka kuacha kuogopa, basi. Nilikuwa naogopa kushika mimba nyingine, na naogopa kutoshika. Nikiwa kazini, kwenye maabara ya maji Athi River, nimeshika chupa ya maji ya kupima, moyo ulikuwa unaanza kudunda bila sababu, vidole vinakufa ganzi, najua kabisa kwamba sasa nakufa. Halafu sifi. Dakika kumi baadaye naendelea kupima maji kana kwamba hakuna kilichotokea. Mume wangu alinipeleka hospitali mara mbili, moyo ukapimwa, tukaambiwa ni mzima. Kuambiwa ni mzima kulinikasirisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Darasa la Mwalimu lilikuwa sebule yake. Saa kumi na moja na nusu asubuhi alikuwa ameshasukuma sofa ukutani, televisheni imefunikwa kitambaa chake cha kushona kwa mkono, na chini amekunjua mablanketi ya zamani. Tulikuwa watano, wakati mwingine sita, wote watu wa kuwahi gari la kazini. Ukifika ukiwa umechelewa hakukukaripia. Alikuacha ubishe mlango mpaka uchoke, na kesho yake ulifika mapema.

Tulianza na mwili. Kunyoosha mgongo, kuinama, kusimama kwa mguu mmoja, jambo ambalo yeye alilifanya kwa urahisi wa kuudhi, na unene wake wote ule. Alituambia kaka zake huko Umaasaini walisimama hivyo kutwa nzima nyuma ya ng'ombe na hakuna mtu aliyewaita watu wa yoga. Kulikuwa na mkao mmoja wa mwisho, wa kulala chali bila kusogea, ambao vitabu vinauita mkao wa maiti. Jina hilo hakulikubali nyumbani kwake. Wafu hawatajwi ovyo asubuhi, alisema. Kwake ulikuwa mkao wa mtu aliyekunywa maziwa akashiba.

Baada ya hapo tulikaa. Hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe, na neno lake lilikuwa hilo moja: kaa. Ukifungua jicho, kaa. Ukikohoa, kaa. Niliwahi kumwambia kwamba kichwa changu kimejaa mawazo, hayatoki.

"Nani amekuambia uyatoe?" akaniuliza. "Hayo si kuku ya jirani, ati unafukuza. Yaache yapite."

Aliyajifunza wapi mambo hayo? Magadi. Mume wake alifanya kazi kule kwenye kiwanda cha magadi, yeye akafundisha watoto wa darasa la kwanza, na nyumba iliyopakana na yao ilikuwa ya injinia mmoja Mhindi. Mke wa injinia hakujua Kimaasai, Mwalimu hakujua Kihindi, na joto la Magadi mchana halikuruhusu mtu kufanya kazi yoyote. Kwa hiyo wanawake wawili walikaa kwenye sakafu ya saruji, milango wazi, wakipumua. Walikaa hivyo miaka saba. Akisimulia habari za yule mama alikuwa anashusha sauti, na ndiyo mara pekee nilimsikia akiishusha.

Lakini kuna jambo moja alilokataa kwa yule rafiki yake, na kwangu ndilo lililogeuza kila kitu. Mama wa Kihindi alifundisha kuhesabu pumzi. Moja mpaka kumi, ukipotea unaanza tena. Mwalimu hakuhesabu.

"Kwetu kitu kilicho hai hakihesabiwi," alituambia. "Ukimuuliza mzee ako na ng'ombe wangapi, atakuangalia tu. Jioni anasimama kwa lango la boma, anaona wakiingia. Hasemi moja, mbili. Anawajua. Huyu wa madoadoa ameingia, huyu wa pembe mbaya ameingia. Na kama kuna mmoja hajafika, anajua kabla mlango haujafungwa. Sasa pumzi ni hivyo. Simama kwa lango."

Mimi nilipinga. Kazi yangu ni kuhesabu. Naweka tone la maji kwenye kisahani, nangoja vidudu viote, kisha nahesabu madoa moja moja, na nikikosea madoa mawili mtu anaweza kunywa uchafu. Nilimwambia kitu kisichohesabiwa hakijulikani. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniuliza siku ya harusi yangu nilimtambuaje bwana harusi, nilihesabu meno?

Basi nikawa nasimama kwa lango, shingo upande. Na nikiri hapa uoga wangu mwingine. Kanisani kwetu pasta alikuwa amehubiri kwamba akili iliyofunguliwa ni nyumba isiyo na mlango, pepo wataingia wajipangie vyumba. Kwa hiyo kila nikifunga macho nilikuwa nasema Baba Yetu kwa Kibukusu, chini chini, kama mtu anayelinda geti. Nilifanya hivyo miezi mitatu nikidhani hakuna anayejua. Asubuhi moja Mwalimu alipita nyuma yangu na kuniinamia sikioni.

"Unasali ama unajificha?"

Nilianza Baba Yetu upya, kutoka mwanzo.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa hilo hilo, kiti cha pili kutoka mbele, sare ya akina mama imepigwa pasi ikasimama. Pasta alipohubiri yale mahubiri, hakununa na wala hakuhama. Alimngoja mlangoni, akamsalimu kwa heshima zote, akamkaribisha aje aone nyumba isiyo na mlango. Pasta alikuja Alhamisi. Alivua viatu, akakaa, akafunga macho kwa tahadhari kubwa. Baada ya robo saa tulimsikia akikoroma. Mwalimu alimfunika shuka, akatuonyesha kwa kidole tutoke pole pole. Nasikia alilala mpaka saa tatu, na aliamshwa na chai. Somo la pepo hatukulisikia tena.

Usidhani alikuwa mtu wa amani. Mimi nilidhani, ndiyo sababu nilikasirika sana baadaye. Aliogopa mbwa, hata wa kufungwa. Aliogopa ile barabara kubwa ya Namanga kiasi kwamba kuivuka alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zinaniingia, na tukifika ng'ambo aliachia kana kwamba mimi ndiye niliyemshika. Alikuwa na binti mmoja, mwalimu pia, anayekaa Kajiado. Alimpigia simu asubuhi, mchana na jioni, na binti asipopokea alipiga tena, na tena, huku akizunguka meza. Nilimwona hivyo siku moja nikamwambia, Mwalimu, kaa. Alinitupia jicho ambalo sitalisahau.

"Wewe nyamaza," akasema. "Hujui kitu." Na akapiga simu tena.

Mimba ya tatu ilipoingia, yeye aliambiwa kabla ya mama yangu. Hakunipongeza. Aliniwekea kiti, kwa sababu chini nisingeweza tena, na akasema tutakaa hivyo hivyo kila siku. Tulikaa. Kuna asubuhi nilipata dakika tano, labda sita, ambazo hofu ilikuwepo lakini imekaa kando, kama mgeni ambaye bado hajakaribishwa chai. Nilitoka pale nikienda kazini nikiwa mtu. Nasema hivi ili nisiwe mwongo: ilisaidia. Haikuniponya, lakini ilisaidia.

Mimba ilipofika miezi saba, nesi wa kliniki aliniambia kila siku nikae nihesabu mtoto akicheza. Akicheza mara kumi ndani ya saa mbili, ni sawa. Kwa mtu kama mimi, hiyo ilikuwa kama kumpa mlevi ufunguo wa baa. Nilinunua daftari. Nilihesabu asubuhi, nikahesabu kazini chini ya meza, nikahesabu nikiosha vyombo. Nilichora mistari. Mume wangu akinisemesha namwinulia mkono angoje. Mwalimu aliliona lile daftari, akalifungua, akalifunga, akanirudishia.

"Nesi amesema uhesabu, hesabu," akasema. "Saa zile alisema. Hizo zingine, mjue tu mtoto wako. Yeye si mistari."

Wiki ya thelathini na sita, siku ya Jumanne, nilihesabu kumi na moja. Daftari lilikuwa sawa. Nikaenda kwa Mwalimu, nikakaa kwenye kiti changu, nikafunga macho, na hapo langoni nikajua kuna kitu si sawa. Sitajua kueleza vizuri. Alikuwa anacheza, ndiyo, lakini hakuwa yeye. Alicheza kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Nilifungua macho, nikasema, "Mwalimu, huyu mtoto hayuko sawa," na yeye hakuniambia kaa. Alikuwa ameshavaa viatu.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na ule udongo mweusi wa Kitengela ulikuwa umegeuka kuwa ugali. Teksi ilikataa kuingia kwetu. Tulitembea mpaka lami, yeye amenishika kiuno, matope yamevuta kiatu chake kimoja kikabaki huko, na barabara kubwa aliivuka bila kuangalia, mkono umeinuliwa juu, malori yakasimama. Hospitali walisikiliza tumbo, wakatazamana, wakanikimbiza upasuaji. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni. Daktari alisema tungengoja mpaka jioni tungesema mengine. Binti yangu, Nafula, alitoka wa buluu, akanyamaza kwa muda ambao sitaki kuuandika, kisha akalia.

Hapa ndipo watu husema na baada ya hapo nikapata amani. Sikupata. Kilichotokea ni kwamba hofu yangu, iliyokuwa imenidanganya maisha yangu yote, sasa ilikuwa imesema kweli mara moja, na ikawa bosi. Nani angeibishia? Nafula akilala niliweka kidole chini ya pua yake. Akiwa kwa mkono wa mume wangu nilisimama karibu, mikono imenyooshwa, mpaka akanirudishia kwa hasira. Mama yangu alikuja kutoka Bungoma kunisaidia, akakaa wiki mbili, akaondoka analia kwa sababu sikumwachia mtoto hata aende naye dirishani. Sikumwacha na mtu yeyote, kwenye chumba chochote ambacho sikuwa ndani. Likizo ya uzazi iliisha. Niliomba nyingine ya karibu mwaka mzima, isiyo na mshahara, ikaisha pia. Mkubwa wangu, mtu mpole, aliniambia mwisho wa mwezi ujao nisiporudi ataandika mtu mwingine, na kwamba anasikitika.

Nilikwenda kwa Mwalimu na mtoto mgongoni, na nikamwambia maneno mabaya. Nilimwambia alinifundisha kusikiliza na sasa siwezi kuacha kusikiliza. Nilimwambia amenifungulia mlango, na pasta alisema kweli, pepo ameingia, na ni mimi mwenyewe.

Nilitegemea atacheka, au atasema kaa. Alikunja na kukunjua pembe ya shuka.

"Sijui, nakerai," akasema mwishowe. Nakerai ni mtoto, kwa Kimaasai. "Hiyo sijui. Yule mama wa Magadi alihama kabla somo halijafika hapo."

Nilitoka bila kuaga. Wiki hiyo hiyo, kabla sijapata ujasiri wa kurudi kuomba msamaha, Mwalimu alipata kiharusi. Binti yake alikuja na gari, akampakia na mablanketi yake, akampeleka Kajiado. Sebule ile imepangishwa mtu wa kuuza matairi.

Nilimtembelea Ijumaa, siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi niliopewa kazini. Nyumba ya binti iko nje ya mji wa Kajiado kidogo, uwanja mpana wa vumbi na mawe, jiko limejengwa peke yake upande ule mwingine kama kwa watu wengi wa huko. Binti alinifungulia mlango, akafurahi, akasema anakimbia shule mara moja kupeleka mitihani, mama yuko macho, chai niwapikie mimi.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha. Alikuwa amepungua nusu. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa ashike. Nilipomsalimu kwa Kimaasai, takwenya, alijibu iko, mdomo ukienda upande. Nikapiga magoti nikaanza kuomba msamaha, akanikata.

"Mlete nimuone."

Nilimweka Nafula chini, kwenye zulia, katikati ya miguu yangu. Alikuwa na miezi kumi na minne. Mwalimu alimtazama sana, akamtemea mate kidogo ya baraka kichwani kama wafanyavyo wazee wa Kimaasai, nami nikajizuia nisimpanguse.

Nikamuuliza swali nililotoka nalo Kitengela. "Mwalimu, niambie ukweli. Hiyo miaka yote, wewe uliwahi kupata amani?"

Alifikiria. "Siku zingine," akasema. "Jumanne hii ilikuwa nzuri."

"Na leo?"

"Leo naogopa. Naogopa huu mkono. Naogopa usiku nikilala nisiamke, halafu naogopa niamke na mwingine pia umekufa." Aliyasema kama anayetaja bei ya nyanya. "Nakaa nayo hapa. Yenyewe haiendi, na mimi siendi. Sasa enda utupikie chai."

Nilimwinua Nafula, nikafungua leso nimfunge mgongoni.

"Muache," akasema Mwalimu.

Nilisema ataanguka. Akasema yuko chini tayari, ataangukia wapi. Nilisema, na niliona haya nikisema, kwamba ana mkono mmoja tu. Akasema anajua. Nikasema siwezi. Hakubisha. Aliniangalia, na macho yake yalikuwa yameogopa kama yangu, na ndiyo kitu kilichonifanya nimshushe mtoto. Kama angekuwa mtulivu nisingemwamini.

Kutoka mlango ule mpaka jikoni ni hatua ishirini na tatu. Nilihesabu, ndiyo. Niliwasha gesi, nikatia maji, maziwa, majani. Dirisha la jiko linaangalia mlima, haliangalii nyumba. Nafula akaanza kulia. Kwanza kile kilio cha kuita, halafu kile cha hasira. Moyo ulidunda, vidole vikafa ganzi, nikajua kwamba sasa ndiyo hiyo, anakufa, nakufa. Maziwa yalianza kupanda. Nikapunguza moto, yakashuka. Yakapanda tena.

Kisha kilio kikakatika, ghafla, na kukawa kimya. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kimya kile. Nilikuwa nimeshageuka, mkono uko kwa mlango. Nikasimama. Nikavuta pumzi, ikaingia vibaya, nikaiacha iingie vibaya. Nikarudi, nikachuja chai kwenye vikombe viwili, nikazima gesi, na nikauvuka uwanja nikitembea. Niliogopa hatua zote, na nilizitembea.

Nilisukuma mlango kwa kiwiko. Nafula alikuwa ameketi miguuni pa Mwalimu, machozi hayajakauka, akivuta kwa nguvu zake zote soksi ya mguu wake wa kushoto, uliolala kama ule mkono. Aliniangalia mara moja, akaona ni mimi, akarudi kwa soksi.